Gauni la Mama Mwenyekiti

Jumamosi saa nne asubuhi Mama Pacha alikuwa amesimama kwenye foleni katika ukumbi wa shule, nyuma ya kinyozi na mbele ya bibi mmoja mwenye kikohozi, akisubiri zamu yake ya kushukuru. Wiki mbili kabla, vyumba sita vilivyopangana nyuma ya kiwanda cha mbao vilikuwa vimeungua mchana kweupe, kuanzia cha kinyozi mpaka cha kwake. Majirani wa ng'ambo ya barabara, wenye nyumba za mageti, walifanya hafla ya kuwachangia, na hafla ilifana. Leo ilikuwa siku ya shukrani. Kamati ilikuwa imetoa maelekezo kwa maandishi: kila aliyesaidiwa avae alichopewa, asimame mbele ya aliyempa, aseme asante kwa sauti ya kusikika hadi viti vya nyuma, kisha apigwe picha.

Ukumbi ulinuka chaki na sakafu iliyotoka kupigwa deki. Jukwaani waliketi waliochangia, kila mmoja na chupa yake ya maji. Katibu wa kamati, ambaye siku za kazi aliwapigia watu chapa barua zao nje ya mahakama, alisoma majina ya wachangiaji kutoka kwenye orodha, na kila jina lilipigiwa makofi.

Mama Pacha alivaa gauni la kijani lenye vifungo kumi na viwili mgongoni. Alipewa na Mama Mwenyekiti, aliyeongoza kamati, mke wa mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Ndani yake alivaa shimizi nyeupe aliyojinunulia mwenyewe baada ya moto, kwa ujira wake wa kupiga pasi kwa dobi. Miguuni alikuwa na kandambili, moja nyekundu, moja ya buluu. Hizo hazikuwa kwenye orodha. Mtu alizitupia tu kwenye rundo akaenda zake.

Maneno yake alikuwa ameyapanga tangu alfajiri, wakati anawasuka wanawe. Alitaka kusema kwamba siku ya moto alivua gauni lake likiwa linawaka, kwamba alimtoa mtoto wake chini ya bati lenye moto, na kwamba nguo hii ndiyo ya kwanza kumgusa ngozi tangu siku ile bila kumtia hofu. Alipofika mbele ya Mama Mwenyekiti alifungua mdomo. Kabla hajasema, gauni likapiga magoti. Naye alikuwa ndani yake, kwa hiyo akapiga magoti. Mikono ya gauni ikakutana kifuani, ikashikana.

"Si lazima, mama, si lazima," alisema Mama Mwenyekiti, akiweka sawa mtandio wake kwa ajili ya picha.

Gauni halikuinuka mpaka aliposema, "Haya, nimepokea."

Suruali ya kinyozi ilikuwa imefanya vivyo hivyo dakika moja kabla, na sweta la yule bibi mwenye kikohozi lilikuja kupiga makofi peke yake hadi bibi akaishiwa pumzi. Mwalimu mkuu, aliyekuwa mgeni rasmi, alisema watu wa kule nyuma ya kiwanda wana adabu kuliko alivyoambiwa. Baada ya hapo kukawa na soda.

Jumatatu Mama Pacha aliondoka kwenda kazini saa kumi na mbili na nusu, kama kawaida, na gauni lilelile, kwa maana hakuwa na jingine. Kutoka walikopangishiwa na kamati kulikuwa na barabara moja tu. Nyuma kuna ukuta wa kiwanda, pembeni kuna mtaro mpana wa maji machafu. Alipofika kwenye geti la Mama Mwenyekiti, gauni lilikata kona. Lilimwingiza mpaka barazani, likapiga magoti juu ya kokoto, mikono kifuani. Mama Mwenyekiti alikuwa bado anaoga. Alitoka baada ya nusu saa, nywele zikiwa kwenye taulo.

"Kumbe ni wewe? Jamani, si ulishashukuru?"

"Si mimi, mama. Ni gauni."

"Basi sawa. Nimepokea."

Gauni likainuka, likamwacha aende. Kesho yake likakata kona tena. Alhamisi, Mama Mwenyekiti alisema kwamba kwa kuwa huwa yupo pale chini hata hivyo, angeweza kuokota majani yaliyoanguka kwenye kokoto. Lilikuwa ni wazo la mtu mwenye akili, na Mama Pacha akaokota. Wiki iliyofuata ilikuwa kuokota majani na kumwagilia maua yaliyo karibu na magoti; gauni lilimwachia mikono kwa kazi hiyo tu.

Dobi alikuwa mtu mwelewa. Alimvumilia siku nane za kuchelewa. Siku ya tisa alimwambia pasi haziwezi kuwa zinalisubiri gauni, akamlipa alichomdai, akampa mkono.

Mume wa Mama Pacha alikuwa fundi saa. Yeye alipewa koti la kijivu na karani mstaafu aliyeishi mkabala na Mama Mwenyekiti, mzee mjane mwenye nyonga mbovu. Koti la karani halikupiga magoti. Lilimpeleka fundi saa barazani kwa mzee kila siku adhuhuri, likamkalisha mbele ya ubao wa drafti, na likahakikisha anashindwa michezo mitatu. Fundi saa alikuwa hajawahi kufungwa na mtu wa mtaa ule tangu ahamie.

"Leo nilikuwa na njia mbili za kumla mfalme wake," alimwambia mkewe jioni moja, wakati anakula. "Naziona kabisa, hizi hapa. Mkono wa koti ukakataa. Ukasukuma kete pembeni kama wa mtoto anayejifunza."

"Si umwambie mzee?"

"Nimemwambia. Yule baba ni muungwana. Kaniambia, 'Bwana fundi, kesho usije, mimi sidai kitu.' Kesho yake nakaa hapa, koti limetulia, nikasema tumepona. Ilipofika saa sita likaniinua. Nafika kule namkuta amesimama dirishani anachungulia njia, na kete ameshazipanga."

Mama Pacha alikuwa amegundua jambo kama hilo. Siku ambazo Mama Mwenyekiti alikuwa na wageni, akasema mbele yao kwamba yeye hahitaji shukrani, kutoa ni moyo wake tu, ndizo siku ambazo gauni lilipiga magoti muda mrefu zaidi.

Nguo za watoto hazikuwa na tabu. Wale pacha wawili wa kike, ambao kwa urahisi nyumbani waliitwa Wa Kwanza na Wa Pili, walipewa nguo na wenzao wa darasani. Nguo zao ziliinamisha kola siku mbili, kisha zikatulia, kwa kuwa wenye kuzitoa walikuwa wameshasahau. Kandambili nazo hazikuwahi kufanya lolote. Zilikwenda alikokwenda mguu.

Tabu ilikuwa mguu wa Wa Pili. Lile bati lenye moto lilikuwa limemwangukia kwenye muundi, na kidonda kilitakiwa kusafishwa na kufungwa upya kila baada ya siku moja katika hospitali iliyo mwisho wa barabara. Chumba cha vidonda kilifungwa saa nne. Mama Pacha akiondoka alfajiri na mtoto mgongoni, alifika saa nne kasorobo akiwa na bahati. Bila bahati alikuta mlango umefungwa na mfagiaji amesimamisha ndoo mbele yake. Katika wiki moja alikosa mara mbili. Siku ambazo fundi saa alijaribu kumpeleka yeye, koti lilipita kwanza kwa karani kumjulia hali, na karani alikuwa na mengi ya kueleza kuhusu hali yake. Kulivua koti hakukusaidia. Shati la ndani alipewa na mfamasia, na mfamasia alikaa njia hiyohiyo.

Aliwahi kwenda kwa katibu kuuliza kama inawezekana kubadilishiwa gauni, apewe hata bovu, la mtu anayekaa mbali. Katibu alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa kijana mpole mwenye vidole vilivyochafuka wino.

"Mama, hili likiingia kwenye kikao litasomeka kwamba umelikataa," alisema. "Halafu kuna wengine watano. Nao watasemaje?"

"Basi usiandike. Nisaidie tu kimawazo."

Katibu alifikiri. "Lala nje ya mji, usipite getini kwake," alisema hatimaye, na akaona mwenyewe kwamba haisaidii.

Jumatano ya wiki ya tano, Wa Pili aliamka akiwa moto kama pasi. Mguu ulikuwa umevimba mpaka goti, na kitambaa cha kidonda kilitoa harufu iliyomfanya Wa Kwanza ahamie upande wa pili wa chumba bila kuambiwa. Mtoto hakulia. Aliuliza kama leo ni Jumapili. Mama Pacha alimfunga mgongoni kwa shuka kuukuu la mmoja wa wanafunzi wale waliosahau, akatoka karibu anakimbia. Fundi saa alikuwa ameshaondoka kwenda kutafuta kibarua, na shati lilikuwa limempitisha kwa mfamasia.

Kwenye geti la Mama Mwenyekiti alishika nguzo ya ukuta kwa mikono miwili. Gauni lilivuta. Mishono ya kwapani ililia lakini haikukatika, kwa maana lilikuwa gauni zuri, lililoshonwa na fundi mzuri. Likamwingiza. Likapiga magoti. Ilikuwa saa mbili na dakika kumi.

Mfanyakazi wa ndani alitoka akikausha mikono. "Madamu katoka. Wana kikao cha kuchangia wale wa mafuriko."

"Anarudi saa ngapi?"

"Kasema sasa hivi."

"Mpigie, dada yangu. Mwambie aseme tu kwenye simu kwamba amepokea. Mtoto anaungua hapa."

Yule dada alipiga. Mama Mwenyekiti alisema yuko njiani. Saa tatu alisema yuko njiani. Saa nne simu yake ilikuwa inatumika. Kokoto ziliingia magotini mwa Mama Pacha kupitia kitambaa. Mgongoni mtoto alikuwa mzito kama mtu mzima aliyelala, pumzi zake fupi zikimpiga shingoni. Alimwimbia kidogo. Alimwambia hospitali ni pale tu, ukisimama getini unaiona. Ilikuwa kweli. Mlinzi wa geti alileta maji kwenye kikombe cha bati, akawanywesha wote wawili, akarudi kwenye kiti chake na hakuwatazama tena.

Saa tano Mama Pacha alimwita.

"Baba, nifungulie vifungo hivi vya nyuma. Mimi sivifikii, mikono haitaki kuachana."

"Nimvue nguo mke wa mtu, hapa getini, watu wanapita?" alisema mlinzi. "Nitaeleza nini, mama? Subiri. Madamu hutimiza neno lake. Anakuja."

Akasubiri. Baadaye, miaka na miaka, alijihesabia saa zile moja moja. Alijiuliza kwa nini hakumwambia yule dada wa ndani, kwa nini hakupiga kelele, kwa nini alisubiri kama mtu aliyekuja kwa hiari yake. Alikuwa amezoea kusubiri pale.

Saa saba na nusu alipita muuza mkaa, mwanamke mrefu mwenye gunia tupu begani, anarudi kutoka kwa wateja wake. Aliona geti wazi, akaona mwanamke aliyepiga magoti na mguu wa mtoto unaoning'inia. Aliweka gunia chini, akaingia bila hodi.

"Nikufungulie?"

"Nifungulie."

Alimpokea mtoto kwanza, akamlaza juu ya gunia. Kisha akafungua vifungo vyote kumi na viwili. Vidole vyake viliacha alama nyeusi kwenye kijani. Mama Pacha alijitoa kwa chini, kama mtu anayepita kwenye tundu la ua, na gauni likabaki limepiga magoti peke yake, limejaa kama lina mtu, mikono kifuani. Yeye alisimama katika shimizi yake fupi yenye kamba moja iliyokatika. Magoti yake yalikuwa yanatoka damu.

Muuza mkaa alianza kujifungua nguo yake ya juu kiunoni. "Chukua hii, jisitiri."

"Usinipe." Mama Pacha alirudi nyuma hatua mbili. "Tafadhali dada yangu, nakuomba. Usinipe kitu."

Muuza mkaa alimtazama, akatazama gauni, akaelewa. Alijifunga tena. Kisha macho yake yakashuka mpaka miguuni, kwenye kandambili nyekundu na ya buluu.

"Zinabana?"

"Hazibani."

"Mguu wangu mkubwa, nilidhani zitakupwaya."

Alimsaidia kumbeba mtoto. Mama Pacha alitoka getini, akashika barabara kubwa, mchana wa saa saba na nusu, akiwa na shimizi na mtoto mgongoni. Watu wa dukani walitoka nje. Waendesha pikipiki walipiga honi. Mwanamke mmoja aliwafunika watoto wake macho kwa viganja. Kandambili zilikwenda moja kwa moja.

Hospitalini muuguzi alimvika shuka la wodi lenye mhuri, akamwambia asisahau kulirudisha. Daktari, binti mdogo ambaye macho yake hayakuwa yamelala, aliufungua mguu, akaufunika, akamtoa mama nje ya chumba.

"Mbona mmekaa naye mpaka imefika hapa?"

"Nilikuwa nashukuru," alisema Mama Pacha.

Daktari aliandika kitu. "Mngefika asubuhi," alianza, kisha akaona haina maana kuimalizia. Waliukata mguu jioni ile, chini kidogo ya goti. Fundi saa alifika wakati mtoto anatolewa, koti mkononi, amelivua barazani kwa karani baada ya mchezo wa tatu. Alikaa sakafuni kando ya mkewe. Alimshika kifundo cha mguu, akakikamata vile mpaka walipoitwa.

Mama Mwenyekiti alirudi nyumbani saa tisa. Alikuta gauni limepiga magoti barazani, tupu. Alisema amepokea. Gauni likainuka, likasimama linayumba kidogo. Alilitundika kwenye msumari na kumuuliza mlinzi mwenyewe yuko wapi. Alipoambiwa, alikaa chini na kulia kweli, kwa maana hakuwa mtu mbaya, naye alikuwa na watoto. Kisha alipiga simu kwa wanakamati.

Kikao kilikaa Ijumaa. Suala la shimizi lilichukua sehemu kubwa ya muda. Mfamasia alisema watu wa mtaa mzima wameona, na sasa wafadhili watauliza nguo walizotoa zilikwenda wapi. Mwalimu mkuu alisema shida si umaskini, shida ni kukosa subira. Karani mstaafu alisema mtoto amepoteza mguu, na kwamba anaona hilo ndilo lingezungumzwa kwanza. Wote walikubaliana naye. Iliamuliwa ifanyike hafla nyingine, ya mguu. Kuhusu magauni kupiga magoti, mjumbe mmoja aliuliza kama kuna la kufanya. Mama Mwenyekiti alisema hayo ni mambo ya nguo, kamati haiwezi kuyaingilia. Katibu aliandika hivyo.

Hafla ya mguu ilifana kuliko ile ya moto. Siku ya shukrani, Mama Pacha alisimama tena kwenye foleni. Alikuwa amevaa gauni la kijani, lililorudishwa limefuliwa na kupigwa pasi, alama za mkaa zimetoka kabisa. Shuka la wodi alikuwa amelirudisha, na shimizi fundi saa alikuwa ameichoma bila kuambiwa, kisha akajuta. Mama Pacha alikuwa amempangia Mama Mwenyekiti maneno mengine kichwani, mafupi, ambayo hayakuwa ya shukrani. Alipofika mbele yake, gauni likapiga magoti, na kidevu chake kikaja juu ya mikono iliyoshikana, kikafunga mdomo.

Karani mstaafu alitoa gongo lake mwenyewe, moja kati ya mawili aliyotumia alipovunjika nyonga. Seremala alilipunguza likawa saizi ya mtoto wa miaka saba, akalivika mpira mpya chini. Mzee alimkabidhi Wa Pili kwa mikono miwili. Alimwambia asijisumbue kushukuru, asome tu kwa bidii. Aliyasema kwa moyo wake wote, au karibu wote.

Jumatatu shule ilifunguliwa. Wa Pili alitoka saa kumi na mbili na nusu akiwa amevaa sare, dada yake ameshika mifuko yote miwili, mama yao nyuma. Alikuwa ameshaanza kulizoea gongo. Alikwenda vizuri mpaka usawa wa nyumba ya karani, na hapo gongo likakata kona.

Mama Pacha alirukia mbele kumshika, lakini gauni lilikuwa limeshageuka upande wake, ng'ambo. Akapelekwa barazani, akatua kwenye kokoto. Kupitia mageti mawili yaliyo wazi aliweza kumwona mwanawe vizuri. Gongo lilikuwa limeinama mbele ya mlango wa karani, na mtoto ameinama nalo, mguu mmoja chini. Pazia la mzee lilikuwa bado limefungwa. Alikuwa mtu wa kuamka saa mbili.

Wa Kwanza alisimama katikati ya barabara na mifuko miwili, hajui amfuate nani. Kengele ya shule ikalia. Wa Pili aligeuza kichwa, akamwona mama yake, akainua mkono ulio huru kumpungia. Alicheka kidogo, kama mtu aliyekutana na mwenzake mahali ambapo hakutarajia.

Mama Pacha alitaka kumpungia. Alivuta mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Ilikuwa imeshikana.